Mkono Uliotumwa

Rasi ya Uyoma imejitokeza ndani ya Ziwa Nyanza pale Ghuba ya Winam inapobanwa kabla ya kufunguka kwenye maji makuu, na katika ncha yake, mahali barabara itokayo Ndori inapokomea, ipo bandari ndogo ya Luanda Kotieno, ambayo wavuvi wake huanika omena juu ya nyavu zilizotandazwa chini, na wasafiri wake hungojea kivuko cha kuwavusha mpaka Mbita. Ni mahali pa kungojea, na mahali pa namna hiyo aghalabu huwa ni mahali pa masimulizi. Basi si ajabu kwamba watu wa huko, wawe wa Uyoma, wa Asembo au wa Sakwa, hukua wakisikia visa vya Nam Lolwe, kama Wajaluo wanavyoliita ziwa lao: kisa cha Simbi, mji uliodidimia kwa kumfukuza bibi kizee aliyekuja kuomba chakula. Kisa cha Nyamgondho wa Gwassi, aliyemvua mwanamke majini akatajirika kwa ajili yake, kisha akampoteza pamoja na mifugo yote kwa sababu ya ulimi mchafu. Na visa vya Gor wa Kanyamwa, mganga ambaye jina lake limevaliwa na timu ya kandanda tangu mwaka 1968. Lakini katika visa hivyo vyote hapana kilichosafiri mbali kuliko kisa cha Lwanda Magere, shujaa wa Kano, ambaye kama kijiji hiki cha rasini alichukua jina la mwamba, na ambaye mwili wake, wasema wazee, ulikuwa wa mwamba kweli.

Kisa hicho nakusudia kukisimulia upya, si kwa ajili ya shujaa, maana shujaa amekwisha pata sifa zake, nyimbo zake na jiwe lake, bali kwa ajili ya mtu aliyetumwa kumwua. Tuna hadithi nyingi za giza na ajabu katika Afrika ya Mashariki, na wauaji ndani yake si haba. Lakini mwuaji ambaye hakuitaka kazi aliyopewa ni kiumbe adimu, na huyu wa kisa cha Kano ni mmoja wao, ingawa msimulizi hamsemi hivyo waziwazi, na sharti msikilizaji mwenyewe awe na subira ya kuyatazama matendo yake moja baada ya jingine.

Uwanda wa Kano umelala mashariki ya Kisumu. Udongo wake mweusi hunata miguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na katikati yake unapita Mto Nyando, ambao huteremka kutoka milimani na mara kwa mara hufurika ukazoa mazao na nyumba za watu. Upande wa kaskazini uwanda huo umezibwa na ukuta wa milima, na juu ya ukuta huo ndiko waliko Wanandi, watu wa ng'ombe na mikuki, ambao Wajaluo waliwaita Lang'o. Baina ya watu wa uwandani na watu wa mlimani hapakuwa na mpaka uliochorwa, wala mfalme wa upande huu wa kuandikiana mkataba na mfalme wa upande ule. Palikuwa na malisho, na maji, na ng'ombe, na vijana waliotaka kuoa wakakosa mahari. Usiku wa mbalamwezi watu wa juu waliteremka wakachukua mifugo, na mwezi mwingine watu wa chini walipanda wakairudisha pamoja na ziada. Asiyeijua hali hiyo hawezi kufahamu kwa nini mtu mmoja asiyepenyeka kwa mkuki aliweza kugeuza maisha ya kaumu mbili: mizani ya kutoa na kutwaa, ambayo kwa muda mrefu iliwafanya wote wawe maskini na matajiri kwa zamu, iliinama upande mmoja ikakataa kuinuka.

Lwanda alikuwa wa ukoo wa Sidho. Masimulizi yanasema kwamba mishale ilimpiga ikaanguka, mikuki ikapinda ncha, na kwamba aliingia katikati ya adui kama mtu aingiaye shambani kwake. Wanandi, ambao vita kwao vilikuwa shule ya kila kijana, waliona jambo ambalo shule hiyo haikuwafundisha: palikuwa na mtu ambaye ujasiri haukufaa kitu mbele yake, wala wingi wa watu, wala ustadi. Jeshi linaloshindwa na jeshi lenzake hurudi nyumbani likajipanga upya. Jeshi linaloshindwa na mtu mmoja hurudi na idhilali ambayo haina dawa ya mkuki.

Hapo ndipo wazee wa Lang'o walipoketi. Walikwisha poteza vijana wengi, na katika baraza la watu waliokwisha shindwa kwa nguvu, rai ya hila haikosi kupata wafuasi. Rai yenyewe ilikuwa nyepesi kutamka: atafutwe msichana mzuri kuliko wasichana wote, apelekwe kwa Lwanda awe mkewe kwa jina la sulhu, na kazi yake iwe kuishi naye, kumpikia, kulala naye, na kupeleleza ni wapi katika mwili ule wa jiwe mauti yanaweza kupenya. Hapana msimulizi anayesema kwamba msichana aliulizwa. Hatusikii mamaye akilia, wala babaye akikataa au kukubali. Wazee wamesema, na sentensi inayofuata msichana yuko njiani anateremka mlima. Silaha yenye macho na masikio hufika mahali ambapo mkuki haufiki, na kwa hilo wazee walihesabu vema. Lakini silaha ya namna hiyo ina moyo pia, na moyo hawakuuweka katika hesabu.

Wazee wa Kano nao hawakuwa wapumbavu. Kuoana na adui hakukuwa jambo geni, maana ndoa ilikuwa njia iliyojulikana ya kuzima vita, lakini zawadi itokayo kwa adui aliyeshindwa, tena zawadi nzuri kupita kiasi, huamsha shaka kwa mtu aliyeishi miaka mingi, nao walimwonya Lwanda amrudishe binti huyo kwao. Lwanda hakusikia. Wasimulizi humlaumu kwa tamaa ya uzuri, na huenda wamesema kweli. Lakini mimi naona kosa lake lilikuwa na mzizi mwingine. Mtu ambaye tangu azaliwe hajapata jeraha hana mahali pa kujifunzia hadhari, na ule mwili uliomlinda na mikuki ndio uliomnyima akili ya kuogopa kisichokuwa mkuki.

Basi msichana akaingia bomani kwa Lwanda akiwa mke mdogo, chini ya mikayi, yaani mke wa kwanza, ambaye kwa desturi ya Wajaluo nyumba yake hukabili lango na neno lake lina uzito katika kila jambo la mji. Huko hakuitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Mwanamke aliyeolewa Ujaluoni huitwa kwa kule alikotoka, binti wa mahali fulani, na yeye akawa Nyar Lang'o, binti wa Lang'o, yaani binti wa adui. Na kwa kuwa wenye kukihifadhi kisa ni watu wa mumewe, jina hilo ndilo lililobaki, na lile la kuzaliwa limepotea. Kila alipoitwa kwenda kuteka maji au kusaga mtama alikumbushwa alikotoka, na bila shaka alikumbushwa pia alichotumwa.

Siku zikapita. Wasimulizi huuruka muda huu kwa neno moja, nami nadhani humo ndimo riwaya nzima ilimo. Mwuaji wa ijara huja usiku akaondoka usiku, wala hana haja ya kumjua anayemwua. Huyu aliamka kila alfajiri akawasha moto, akasonga ugali, akampelekea chakula mtu ambaye mikono yake iliwaua vijana wa kwao, na kwa kuwa hapana awezaye kuishi na mtu kwa jina la uadui peke yake mchana na usiku, alimwona akicheka, akichoka, akikosa usingizi. Adui aonekanaye kwa mbali ana silaha tu. Adui wa nyumbani ana njaa pia. Laiti Nyar Lang'o angekuwa mtu wa chuki timamu, kazi yake ingekuwa nyepesi, na laiti angekuwa mtu wa mapenzi timamu, angemfunulia mumewe hila yote akaishi. Hakuwa huyu wala hakuwa yule, na hiyo ndiyo adhabu ya waliotumwa: hukaa baina ya watu wawili wenye haki juu yao, na kila uaminifu kwa mmoja ni khiyana kwa mwingine.

Kisha Lwanda akaugua. Mikayi, ambaye ndiye aliyezoea kumtibu na aliyeijua siri ya mwili wake, siku hiyo hakuwapo; na mgonjwa, maumivu yalipozidi, akamwita mke mdogo alete kisu na dawa amchanje, maana tiba ya siku zile, kama ilivyokuwa katika nchi nyingi za kwetu, ilikuwa kuchanja chale na kusugua dawa juu ya damu. Nyar Lang'o akajaribu. Kisu kikateleza. Akakinoa akajaribu tena, makali yakakunjika, na ngozi haikuonyesha hata mkwaruzo. Ndipo Lwanda, kwa maumivu au kwa kuchoka kuficha, akamwambia auache mwili, akichanje kivuli. Akainama, akakata pale kilipolala kivuli cha mumewe, na damu ikatoka.

Hapa naomba msomaji atue kidogo. Siri iliyotafutwa kwa hila, kwa ndoa na kwa ujana wa msichana imekwisha kufunuliwa. Kisu ki mkononi mwake. Mgonjwa amelala hana nguvu, na mauti yake yametandikwa sakafuni mbele ya goti la mkewe, hayana ngao wala mlinzi. Pigo moja lingetosha, na vita vingekoma hapo hapo bila ya kijana mwingine, wa mlimani au wa uwandani, kupoteza roho. Naye alifanya nini? Alichukua dawa akaipaka katika jeraha la kivuli, na mumewe akapata nafuu akalala. Aliyeletwa kuua alitibu. Naijua hoja ya wale wasemao kwamba aliogopa, kwa kuwa angemwua asingetoka bomani salama; lakini mwanamke aliyeweza kutoroka usiku ule ule, peke yake, kupitia uwanda wote wa adui mpaka mlimani, hakuwa mwoga kiasi hicho, na njia aliyopita baada ya kumtibu ingekuwa ile ile kama angemwua. Wengine hujibu kwamba hakutumwa kuua, alitumwa kupeleleza. Hiyo ni tofauti ya wanasheria. Wazee hawakuitaka siri ile kwa ajili ya elimu.

Alitoroka, basi, na akasema. Hakuweza kumwua mtu aliyekuwa akimuuguza, wala hakuweza kuwanyima watu wake habari ambayo ilikuwa ndiyo bei ya maisha yake. Akaigawa dhambi vipande viwili, akajitwika kipande cha kunena, na kipande cha kupiga akawaachia wengine. Sidhani kwamba mgawanyo huo ulimpa usingizi. Lakini ni mgawanyo wa kibinadamu sana, na watu wengi wenye heshima zao, wasiowahi kushika kisu, wameufanya ofisini na barazani bila ya hadithi yoyote kuwakumbuka.

Vita vikafufuka. Lwanda akatoka, nguvu zake hazijarudi zote, na mwanzo mambo yakawa kama desturi: mikuki ikamgonga ikaanguka, Wanandi wakarudi nyuma, na watu wa Kano wakadhani siku ni yao tena. Ndipo mmoja katika watu wa Lang'o, huku jua likiwaka, akalenga mahali ambapo hapana mpiganaji aliyepata kulenga kabla yake, akautupa mkuki katika kivuli. Shujaa akaanguka, na palipoanguka mwili pakawa jiwe. Jiwe hilo liko Kopere, chini ya milima ya Nandi, katika nchi ambayo leo ni ya miwa na viwanda vya sukari vya Chemelil na Muhoroni, na wawindaji walizoea kunoa mikuki na visu juu yake kabla ya kwenda mawindoni, kwa kuitakidi kwamba chuma kilichonolewa hapo hakikosi. Mrusha mkuki hakupewa jina. Nyar Lang'o hakupewa mwisho: kama alipokewa kwa vigelegele au kwa macho ya pembeni, kama aliolewa tena, kama alipata kusikia habari ya lile jiwe, kisa hakisemi, kwa kuwa kisa hakikuwa chake.

Msomaji wa Pwani amekwisha nitangulia mahali ninapokwenda. Fumo Liyongo, ambaye habari zake ni za Pate, Shaka na delta ya Mto Tana, naye hakupenyeka kwa mkuki wala kwa mshale; kilichomwua ni sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na aliyeichoma ni mwanawe wa kumzaa. Kisa chake kiliishi katika nyimbo na ngoma za gungu miaka dahari, mpaka Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu alipokitungia utenzi mwaka 1913. Mfalme wa Pate, aliyekuwa na ghaidhi ya kuona watu wakimpenda Liyongo kuliko yeye, alikuwa amekwisha jaribu njia nyingine; alimfunga gerezani, lakini tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa ikamfikia mfungwa, akakata minyororo akaenda zake. Alipoona nguvu hazifai wala kuta, mfalme alirejea kwenye rai ile ile ya wazee wa Lang'o, atafutwe mtu wa karibu. Kijana aliahidiwa cheo, na fauka ya cheo binti wa mfalme awe mkewe. Akaenda kwa babaye akamwuliza ni kitu gani kiwezacho kumwua. Liyongo hakudanganyika, alimwambia mwanawe kwamba amehadaiwa, kwamba ahadi zile hatazipata, kisha, akiisha kusema hayo, akamtajia siri.

Katika mambo yote ya utenzi ule hilo ndilo linalonishinda kulipita upesi. Lwanda alifunua siri yake kwa maumivu, bila ya kujua anamfunulia nani. Liyongo alifunua yake akijua. Ni kana kwamba alimpa mwanawe mtihani wa mwisho, au labda alichoka kuishi katika dunia ambayo mwanawe anaweza kumwuliza swali lile. Kijana hakutenda mara moja. Alikaa na babaye siku nyingi, hata mfalme akalazimika kumhimiza. Na siku alipotenda, alitenda babaye akiwa usingizini. Liyongo aliamka na shaba mwilini, akatwaa uta wake akaenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale, akafa hivyo, na watu wa mji wakakosa maji kwa hofu ya maiti, mpaka mamaye mzazi alipokwenda kumsihi. Kuhusu mwana wapokezi wanahitilafiana, wako wasemao aliuawa na wale wale waliomtuma na wako wasemao alikufa kwa maradhi, lakini sijakutana na mpokezi aliyesema kwamba aliishi raha mustarehe.

Ukiwaweka pamoja, binti wa Lang'o amemshinda mwana wa Liyongo. Wote wawili walitumwa, wote wawili walisita. Yeye mgeni, ambaye hakuwa na deni la damu kwa mtu aliyelala mbele yake, aliuzuia mkono, na yule wa damu hakuuzuia. Tena hapana mahali tunapoambiwa kwamba binti huyo aliahidiwa ujira. Delila wa Kitabu cha Waamuzi alipewa na kila mkuu wa Wafilisti vipande 1,100 vya fedha kwa ajili ya Samsoni, na mwana wa Liyongo alifanyiwa mapatano ya cheo na ndoa. Nyar Lang'o yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa malipo, akatolewa na upande mmoja akapokewa na upande wa pili, na kati ya kutolewa na kupokewa hapakuwa na mahali pa kusimama kama mtu.

Waandishi wetu hawakukosa kuuona mlango huu. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo, jirani ya Uyoma, mwaka 1930, aliandika hadithi ya Oganda, binti wa mtemi aliyeamuliwa amezwe na mnyama wa ziwani ili mvua inyeshe, nayo imo katika mkusanyo wake wa mwaka 1968. Na mtu akiisoma akiwa anaijua habari ya Kano huona kwamba ni msichana yule yule, ila huyu amepelekwa ziwani na yule alipelekwa vitani. Okoiti Omtatah naye alimtia Lwanda Magere katika tamthilia iliyochapishwa mwaka 1991. Riwaya ndefu ya Kiswahili ambayo ndani yake binti wa Lang'o ndiye anayeona, anayesema na anayekosa usingizi, ningependa niisome kabla sijafa, na yeyote mwenye kalamu anayesoma haya ahesabu kwamba nimemwomba.

Historia iliyoandikwa haikuchelewa kurudia mchezo ule, tena juu ya milima ile ile, na safari hii waliohadaiwa kwa sulhu ni Wanandi wenyewe. Tarehe 19 Oktoba 1905, baada ya takriban miaka 10 ya kuipinga reli ya Waingereza na serikali yao, Koitalel arap Samoei, orkoiyot wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, alitoka kukutana na Kapteni Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani, akapigwa risasi pamoja na watu wa msafara wake. Meinertzhagen alichunguzwa na mabaraza 3, akatakaswa, kisha akaondoshwa nchini. Yeye hakusita hata kidogo, na kwa sababu hiyo hana nafasi kubwa katika makala haya.

Wenye nafasi ni wa baadaye. Anayesimama Luanda Kotieno akatazama kusini huviona vilima vya Mbita, na kando yake kisiwa cha Rusinga, ambako Tom Mboya amezikwa katika jengo lililopewa umbo la risasi. Mboya, waziri wa mipango ya uchumi, alipigwa risasi Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969 akitoka katika duka la dawa huko Nairobi, na mauti yake yakaitia nchi ya ziwa hasira ambayo mwaka ule ule ilimwaga damu nyingine Kisumu. Nahashon Njenga Njoroge alikamatwa, akahukumiwa, akanyongwa kabla ya mwaka kwisha. Inanukuliwa kwamba wakati wa kushikwa aliuliza kwa nini yamwelemee yeye, wasimwendee mkubwa. Mkubwa huyo hakutajwa mahakamani.

Miaka 4 kabla ya hapo, tarehe 24 Februari 1965, Pio Gama Pinto, mbunge na swahibu wa Jaramogi Oginga Odinga, ambaye nyumbani kwake kulikuwa Bondo, kaskazini ya rasi hii, aliuawa kwa risasi ndani ya gari penye lango la nyumba yake Nairobi, binti yake mdogo akiwa pamoja naye. Kijana aitwaye Kisilu Mutua alihukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Tangu mwanzo mpaka mwisho alishikilia neno moja: kwamba alipewa fedha amtishe tu mtu huyo, na kwamba habari ya kuua hakuambiwa. Mtu aweza kumsadiki au asimsadiki. Nikiyapima maneno yake, nayaona yana umbo lile lile la kazi aliyopewa Nyar Lang'o, maana wenye kutuma hawamwambii aliyetumwa kazi yote. Humpa kipande anachoweza kukibeba, wakakiita kwa jina jepesi, sulhu, ndoa, kutisha kidogo, na kipande kizito hukiacha kijitokeze chenyewe wakati ambapo hawezi tena kurudi nyuma. Tofauti ni kwamba binti wa Lang'o alipofika penye kile kipande kizito alikuwa na kisu mkononi, na alipata nafasi ya kukataa.

Jaji aliyeisikiliza kesi ya Pinto alikiri mwenyewe kwamba ilikuwa na sura ya jambo lisilokamilika, na kwamba huenda waliohusika hawakuwa wote mbele ya mahakama. Kisilu Mutua alitoka gerezani mwaka 2001, baada ya miaka 36. Hapana mtu mwingine aliyehukumiwa kwa damu ile.